Saisi na Siasa: Somo la Birika Lisiloganda

Neno "siasa" tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na wengi wetu tunalifahamu kwa maana moja tu: mambo ya utawala, vyama na uchaguzi. Ni wachache wanaojua kwamba neno hilo lina ndugu yake wa damu ambaye naye yumo katika kamusi zetu, ijapokuwa siku hizi hasikiki sana. Ndugu huyo ni "saisi", yaani mtunza farasi. Maneno hayo mawili yanatoka katika shina moja, lenye kubeba maana ya kumlea mnyama, kumlisha, kumnywesha na kumfundisha mwenendo. Maana ya kuongoza watu imekaa jirani na maana hiyo ya bandani. Kwa hiyo anayejiita mwanasiasa, apende asipende, amejitwalia jina lenye harufu ya samadi na nyasi kavu.

Nasema haya si kwa kucheza na maneno. Niliwahi kuwa saisi. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, chuo chetu kilikuwa na banda la farasi wa kufundishia. Nilipata kibarua humo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, kama sheria inavyowaruhusu wanafunzi wa kigeni. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Dodoma. Niliwajua ng'ombe, mbuzi na punda, lakini farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha na kwenye gwaride tu, maana katika sehemu kubwa ya nchi yetu mbung'o na maradhi havimpi farasi nafasi ya kustawi. Nilijua pia kiu. Nilikulia mahali ambapo maji hutafutwa. Huko Minnesota nikakuta ajabu nyingine: jimbo lenye maelfu ya maziwa, ambamo mnyama anaweza kuugua kwa kukosa maji akiwa amesimama juu ya maji yenyewe, kwa kuwa yamekuwa mawe.

Mwezi wa Januari joto la kule hushuka mara nyingi hadi chini ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Msimamizi wetu, mama wa makamo mwenye maneno machache, alikuwa na swali moja la kila asubuhi. Hakuuliza kama farasi wamekula. Aliuliza kama wamekunywa. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Farasi mzima mwenye uzito wa kilo 500 hunywa kwa kawaida kati ya lita 20 na 40 za maji kwa siku. Mgeni hudhani kwamba wakati wa baridi, mnyama asiyetoka jasho atahitaji maji machache zaidi. Mambo huwa kinyume. Katika majira ya joto farasi hula majani mabichi, ambayo takriban robo tatu yake ni maji. Katika majira ya baridi hula hei, ambayo maji yake hayafiki hata sehemu moja ya tano. Yale maji aliyokuwa akiyala bila mwenyewe kujua sasa hana budi kuyanywa, na ni wakati huohuo ambapo maji yamekuwa baridi kiasi cha kumkatisha hamu. Akinywa kidogo, hei hukauka na kushikamana ndani ya utumbo mkubwa. Msokoto wa tumbo unaotokana na kuziba huko ni miongoni mwa mambo yanayoogopwa sana bandani. Mnyama hugeuza shingo akautazama ubavu wake, huparapara ardhi kwa kwato, hulala na kuinuka. Ukimkuta katika hali hiyo umeshachelewa, na daktari yuko mbali. Ndiyo maana saisi mzuri hasubiri dalili kubwa. Huhesabu vinyesi vya usiku na kuangalia kama vimekuwa vidogo na vikavu. Hugusa fizi kuona kama zina unyevu. Huweka chumvi karibu ili mnyama apate kiu ya kutosha.

Nilipouliza kwa nini wasile theluji, nilipewa ndoo na kuambiwa niyeyushe. Ndoo kumi za theluji laini hutoa takriban ndoo moja ya maji. Tena joto la kuiyeyusha hutoka katika mwili wa mnyama mwenyewe, na joto hilo hutokana na chakula: hei inapochachuka ndani ya utumbo, ndiyo kuni na ndiyo jiko lake. Baridi ikizidi, farasi huongezewa hei kwanza, kabla ya kufikiriwa blanketi. Lakini hei zaidi hudai maji zaidi. Mambo haya yameshikana kama nyuzi za mkeka. Ukimnyima mnyama maji, umemzimia jiko lake.

Bomba la kule nalo lilikuwa somo. Valvu yake haikai juu, karibu na mkono. Imezikwa zaidi ya mita moja ardhini, mahali ambapo baridi haifiki. Ukifunga, maji yaliyobaki ndani ya bomba hushuka na kupotelea kwenye kokoto chini, ili pasibaki kitu cha kuganda. Maana maji yakiganda hutanuka, na chuma hakiyazuii. Aliyelibuni bomba lile aliifikiria siku mbaya zaidi ya mwaka akiwa amekaa katika siku njema. Nimekutana na sera chache za umma zenye busara ya bomba lile.

Katika majira yangu ya tatu ya baridi lilitokea jambo ambalo nimelifundisha kwa wanafunzi wangu mara nyingi kuliko nadharia yoyote ya utawala. Birika la uani lilikuwa na kifaa cha umeme cha kuzuia barafu. Kila zamu iliandika katika daftari: birika limejaa, maji hayajaganda. Yote mawili yalikuwa kweli. Hata hivyo farasi walianza kunywea, macho yakafifia, vinyesi vikawa vikavu. Msimamizi hakubishana na daftari. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa uani katika baridi ile na kuwatazama. Farasi walikuwa wakilisogelea birika, wakigusa maji kwa midomo, kisha wakirudi nyuma kwa mshtuko. Baada ya majaribio mawili matatu waliacha kabisa kwenda. Fundi umeme alipoitwa aligundua kwamba waya wa kwenda ardhini ulikuwa umekatika, na umeme kidogo ulikuwa ukivuja ndani ya maji. Mtu aliyevaa buti za mpira hakuhisi lolote. Farasi aliyesimama kwa kwato nne kwenye ardhi yenye majimaji alipigwa kila alipojaribu kunywa.

Daftari halikusema uongo. Lilijibu swali lisilo lake. Lilipima ujazo wa birika, na hakuna aliyekuwa ameagizwa kupima unywaji. Tangu siku hiyo liliongezwa safu moja: maji yaliyopungua tangu zamu iliyopita.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya bandani, nayo hayafiki kwenye dola. Nampeleka Mongolia, nchi ambayo maisha ya wafugaji wake yamefungamana na farasi. Farasi wa huko hawana mabirika ya umeme. Hukaa nje mwaka mzima, hufukua theluji kwa kwato wakitafuta majani, na huila theluji hiyo badala ya maji, kwa kuwa wamezoezwa tangu wangali watoto na huingia katika baridi wakiwa na akiba ya mafuta mwilini. Wamongolia wana neno lao la balaa ya majira hayo, dzud, nao huligawa kwa rangi na aina. Dzud nyeupe ni theluji nene inayofunika malisho. Dzud ya chuma ni barafu ngumu iliyotanda juu ya majani. Dzud nyeusi ni ile ambayo theluji haikuanguka, na mifugo ikafa kwa kiu katikati ya baridi. Balaa ya mwaka 2009 hadi 2010 iliua zaidi ya mifugo milioni 8.

Hali ya hewa ndiyo iletayo dzud, lakini ukubwa wa msiba huamuliwa pia na watu. Katika enzi ya ukomunisti, serikali na vyama vya ushirika vilitunza akiba za hei na visima vya injini nyikani. Sisemi kwamba mfumo ule ulikuwa wa haki. Wafugaji walinyang'anywa mifugo yao na sauti yao. Ila ulipoanguka miaka ya 1990, mifugo iligawiwa wenyewe na visima vikabaki bila mwenyewe. Injini ziliharibika, vipuri havikununuliwa, hei ya akiba ikatoweka. Dzud zilizofuatana kati ya mwaka 1999 na 2002 ziliwakuta wafugaji wengi wakiwa na mifugo mingi na msaada mchache. Kila mtu alikuwa huru, na kisima hakikuwa cha mtu.

Wala si umaskini peke yake unaozaa mambo hayo. Texas ni jimbo tajiri katika nchi tajiri. Baridi kali ya Februari 2011 ilizima mitambo ya umeme huko, na wachunguzi wa serikali kuu wakaandika ripoti wakishauri mitambo na mabomba ya gesi yakingwe dhidi ya baridi. Ushauri haukugeuzwa kuwa lazima. Februari 2021 baridi ilirudi kwa ukali zaidi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, mabomba ya maji yakapasuka, wafugaji wakashinda wakivunja barafu kwa mashoka ili mifugo inywe. Hesabu rasmi ya jimbo ilitaja watu 246 waliokufa. Wahenga wetu walikwisha kuiandika ripoti hiyo kwa maneno manne: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa nirudi nyumbani, ambako ndiko shabaha ya makala haya. Mwaka 1971 nchi yetu ilianzisha mpango wa kupeleka maji vijijini, kwa lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi kwa umbali usiozidi mita 400. Lilikuwa lengo la heshima. Mwaka 1991 ulifika ukapita, na miongoni mwa sababu za kushindwa ilikuwa kwamba tulijenga kwa kasi kuliko tulivyotunza. Mwaka 2019 sheria mpya ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini na kuweka vyombo vya jamii vya kusimamia huduma. Hiyo ni hatua ya kweli, na mwenye haki hana budi kuikiri.

Lakini katika kijiji cha mama yangu mkubwa kipo kisima kirefu chenye pampu, jiwe la msingi na tarehe ya uzinduzi. Siku ya kukizindua palikuwa na ngoma na pilau. Pampu ilifanya kazi kwa muda, kisha kipuri kimoja kikaisha. Fedha ya kuchimba ilikuwapo. Fedha ya kipuri haikuwa katika fungu lolote. Katika takwimu, kijiji kile kina kisima: birika limejaa. Mama mkubwa, ambaye umri wake umepita miaka 70, bado huamka alfajiri na kwenda mtoni na punda wake, na mto wenyewe wakati wa kiangazi ni mchanga wa kufukua. Punda afe, mzigo ufike. Msimu huu ameambiwa kijiji kitachimbiwa kisima cha pili, mita chache kutoka kile cha kwanza. Aliponisimulia aliniuliza, "Mwanangu, hicho kingine nacho kitakufa lini?" Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba swali lile lilikuwa langu peke yangu.

Kwa wanafunzi wangu, basi, nasema hivi: mnapoandika utafiti juu ya huduma za jamii, msiishie kuhesabu mabirika. Vuteni kiti, mkae, mtazame nani anakunywa na nani anarudi nyuma. Mara nyingi anayerudi nyuma ana sababu ambayo aliyevaa buti za mpira hawezi kuihisi. Kwa wanaharakati: uzinduzi una kamera zake tayari; nendeni mwaka wa tatu, kipuri kinapoisha, mkadai hapo. Na kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ambao najua wengi wenu mnafanya kazi kwa moyo katika mazingira magumu: wakati wa kuandaa bajeti za halmashauri ongezeni safu ile moja katika daftari, na mpiganie fungu la matengenezo kama mnavyopigania mradi mpya. Halina utepe wa kukata. Halitampa mtu kura wala picha gazetini.

Saisi hapigiwi makofi kwa sababu farasi amekunywa. Kesho asubuhi ataulizwa tena swali lilelile, na keshokutwa pia, hadi baridi iishe. Huo ndio uzito wa neno tuliloliazima. Atakayesimama mbele yetu kuomba tumwite mwanasiasa, na tumuulize kwanza: waliokabidhiwa kwako, leo wamekunywa?