Kimo Hakitoshi

Ewe msomaji uchezaye mpira wa kikapu katika vumbi la Kiambere, usimhusudu mwenzio kwa urefu wake. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, aliteuliwa wa pili kuingia ligi kuu ya Marekani mwaka 2009. Mwaka haukutimia, akashushwa kwenda ligi ndogo. Wako walioona fedheha. Mimi naona fahari, kwani mwaka 2020 alirudi katika ligi ile ile ndogo kuanza upya. Wangapi wangethubutu?

Basi jioni, jua la Mbeere likipoa, simama mstarini utupe mipira hamsini. Utakosa kumi mfululizo, wenzako watacheka. Okota mpira, tupa wa kumi na moja.