Batli Tupu

Faili lilikuwepo, jina lake lilikuwepo, hata saa ya kuundwa kwake ilikuwepo. Ndani hamkuwa na herufi hata moja. Ndugu msomaji, usiku kucha kompyuta ya maabara ilikuwa ikinisomea picha za kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, ili nipate matini ya mashairi ya wasomaji wake kwa ajili ya tasnifu yangu. Programu, niliyoiandika kwa Python, ilifanya kazi nyuma ya pazia bila mtu wa kuikalia, nayo iliamriwa itie mstari mmoja katika faili hilo kila imalizapo ukurasa. Matini yenyewe ingehifadhiwa mwishoni. Asubuhi sikukuta matini wala mstari.

(Waingereza huliita faili la namna hii kwa jina la gogo, kwani mabaharia wao walitupa kipande cha ubao majini kupima mwendo wa chombo, kisha wakauandika daftarini. Sisi tunayo batli, daftari la safari ya chombo, na sioni kwa nini neno hilo lisishuke bandarini likaingia kompyutani.)

Nilimshuku mwangalizi wa maabara. Si kumshuku tu. Nilimwambia mbele ya wanafunzi wenzangu kwamba ameifuta kazi yangu. Zilikuwa zimesalia siku tisa niwasilishe sura ya tatu, na hofu ilinivua adabu. Yeye hakupandisha sauti. "Dada, hebu iendeshe hapa tuione," alisema.

Mistari ikatiririka skrinini mmoja baada ya mwingine. Hapo akaitambua siri. Programu ikiandika kwenye skrini, kila mstari hutolewa papo hapo. Ikielekezwa kwenye faili, maneno hulimbikizwa kwanza katika bafa, na katika toleo tulilotumia hayamwagwi hadi zitimie baiti 8,192. Mistari yangu ilikuwa mifupi, ya herufi thelathini hivi. Programu ikikoma kwa amani, masalio humwagwa. Ikiuawa ghafla, hupotea nayo. Kisha akafungua batli ya Linux yenyewe: saa nane usiku mfumo uliiua programu yangu kwa uhaba wa kumbukumbu.

Dawa ilikuwa kuiita Python kwa alama ya -u, isilimbikize kitu. Usiku uliofuata mstari wa mwisho ulitaja ukurasa wa 93. Wa 94 ulikuwa umepigwa picha kubwa kupita kiasi, na ulipofunguliwa uliijaza kumbukumbu yote. Niliipunguza picha, nikaamuru pia kila ukurasa uhifadhiwe mara usomwapo.

Nilikuwa nimemtuhumu hadharani, hivyo niliona aibu kumwomba radhi faraghani. Nilikwenda maabara saa nne asubuhi, wakati wa watu wengi, nikamwita kaka, nikasema nililopaswa kusema. Alitikisa kichwa, akaniuliza kama ule wa 94 umesomeka. Nikamfungulia shairi lililokuwamo, tukalisoma.