Mikono Yetu na Mkanda wa Gari

Mwezi huu twaomba ruhusa tuzungumze habari za gari, jambo ambalo si fani yetu. Elimu yetu ni ya chuoni na madarasa machache ya skuli, na kazi yetu ni kusomesha watoto.

Mwaka jana tulitoka Tanga kwenda arusini Muheza. Gari lilikuwa dogo nasi tulikuwa watu wanane. Tulikaa mbele, ubavuni mwa dereva, tumempakata mjukuu wetu wa miaka minne. Shemeji yetu hakuwa akienda mbio. Mbuzi alikatiza njia, breki ikakanyagwa, na gari halikugusa kitu. Lakini mtoto alitutoka mikononi kabla hatujatambua, akaipiga dashibodi kwa uso. Meno mawili yaling'oka na mdomo ukachanika. Mikono hii imelima na kuchota maji tangu ujana wetu, na siku ile haikufaa kitu.

Arusini tukaambiwa, "Ni kadari ya Mungu, Maalim." Tuliitikia, ila usiku hatukupata usingizi. Ni sisi wenyewe tuwasomeshao watoto kisa cha mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga, akaambiwa amfunge, kisha ategemee.

Baadaye tulipata fedha za kununua gari kuukuu. Mwuzaji alilipiga boneti ngumi mbili, akasema, "Sikiliza, Maalim! Chuma kitupu. Haya ya siku hizi hubonyea kama kopo." Twakiri kuwa maneno yale yalituingia. Lakini tulikuwa tumefuatana na mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni fundi. Alitutoa kando kwa adabu akatuonyesha picha katika simu yake.

Huko Mexico iliuzwa kwa miaka mingi gari ndogo iitwayo Nissan Tsuru, iliyopendwa na familia na madereva wa teksi. Ndiyo iliyojulikana kwingine kwa jina la Sunny. Mwaka 2013 shirika la Latin NCAP, ambalo kazi yake ni kugongesha magari ili kupima usalama wake, liliipa nyota sifuri katika tano. Oktoba 2016 Tsuru iligonganishwa uso kwa uso na Nissan Versa, gari ndogo ya kampuni ile ile iliyokuwa ikiuzwa Marekani. Mwendo wa zote mbili ukijumlishwa ulikuwa yapata kilomita 129 kwa saa, na ndani mliwekwa sanamu zenye vipimo. Tsuru haikuwa na mifuko ya hewa. Ilikunjika mpaka pale akaapo dereva, usukani ukamjia kifuani. Mtu hai angalikufa. Ile Versa pua yake ilibonyea vibaya, lakini chumba cha abiria kilisimama, mifuko ya hewa ikajaa, na dereva wake angalipona. Tsuru iliacha kuundwa mwaka 2017.

Basi mwuzaji hakusema uwongo kuwa magari mapya hubonyea. Pua ya gari hubonyea ili kumeza nguvu ya mgongano, mtu asisimame kwa ghafula moja. Kisichotakiwa kubonyea ni chumba. Fundi alitupigia hesabu: anayegonga ukuta kwa kilomita 64 kwa saa ni kama aliyeanguka mita 16, kilele cha mnazi mrefu. Nani atapanda mnazini na mtoto kifuani, aanguke naye, akidhani mikono yake itamzuia?

Kinachomzuia ni mkanda. Huu tunaouona leo, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaruhusu wengine wautumie. Hata mfuko wa hewa humtegemea aliyefunga mkanda. Na kwa mtoto mdogo aliyekaa mbele huweza kuwa hatari yenyewe, kwa jinsi unavyofumuka kwa nguvu.

Tulinunua gari jingine. Fundi alipoinua kiti cha nyuma aliikuta mikanda imesukumiwa chini, imejaa vumbi na maganda ya njugu, na kifungo kimoja kimevunjika. Akakibadilisha. Tukanunua na kiti cha mtoto, kwa kuwa mkanda wa mtu mzima humpita mdogo shingoni. Bei yake ilitufanya tugune, lakini fundi alitukataza tusinunue kilichowahi kuwamo katika ajali.

Wajukuu wetu ni watano na mikanda ya nyuma ni mitatu. Kwa hiyo twenda safari mbili. Wanaobaki hulalamika mlangoni, na shemeji hutucheka kwa petroli tunayoteketeza.