Jumamosi za Keko

Baba alipofariki mwaka 2006 aliniachia karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, mafundi saba, na daftari la jalada gumu nililodhani ni la wateja. Nililifungua baada ya arobaini. Lilikuwa la mafundi. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa palikuwa na tarakimu iliyopigiwa mstari mara mbili: fedha alizokuwa akimdai marehemu.

Jumla yake ilinitisha, lakini kuna jambo lililonitisha zaidi. Makaburini tulikuwa tumetangaza, kama ilivyo ada, kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kuiona familia. Mafundi wote saba walikuwepo pale, wengine walisaidia kubeba jeneza, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilimuuliza fundi mkuu, mzee ambaye karakana nzima ilimwita Babu, kwa nini walinyamaza.

"Mwanangu, lile si deni," akaniambia. "Ile ni kamba."

Akanifafanulia. Kitanda cha tano kwa sita kilikuwa na bei yake ya ufundi. Jumamosi jioni fundi alipokea nusu, nusu nyingine ikalala daftarini mpaka Idi au Krismasi, na hata sikukuu ikifika haikutoka yote. Anayedai ufundi wa vitanda vinne hahamii karakana ya jirani, maana akishaondoka nani atamkumbuka? Baba hakuwa mtu mbaya. Aliwalipia watu matibabu, akasimamia harusi zao. Ila aliamini kwamba fundi aliyelipwa yote ni fundi aliyekwisha kuaga. Na kumsifu fundi mbele yake hakuthubutu. "Mgema akisifiwa," alikuwa akisema, na hakuhitaji kumalizia.

Niliuza pikapu ya mzee. Jumamosi moja ya mwaka 2007 nikawaita mmoja mmoja, nikalipa kila ukurasa hadi senti ya mwisho, kila mtu akaweka sahihi. Usiku ule nililala nikijiona mtu mwema sana. Jumatatu walikuja watatu.

Walikuwa Babu, dada mmoja fundi rangi ambaye mpaka leo sijaona mkono kama wake kwenye vanishi, na kijana wa kufagia, ambaye hakuwahi hata kuandikwa daftarini. Baba mdogo alicheka hadi akaegemea ukuta. "Umefungua banda, sasa unauliza kuku wako wapi."

Yeye ndiye aliyenijazia nafasi zile tano, kwa wapwa na mashemeji. Mtu aliyeletwa na ndugu ana shida moja: kumwachisha kazi kunataka kikao cha ukoo. Mmoja wao alikata mbao za mninga za kabati zima zikawa fupi kwa inchi mbili, na bado niliishi naye miezi minane.

Nilipoanza kuchagua watu mwenyewe, niliuliza uzoefu. Kila aliyekuja alikuwa na uzoefu wa miaka kumi, hata wale ambao ndevu zilikuwa hazijaota. Babu ndiye aliyenipa mtihani. Aliweka kigoda katikati ya karakana, kikawa kinachezacheza, akamwambia mgeni, "Kitengeneze." Wengi walishika msumeno, wakapunguza mguu mmoja, kisha wa pili, kisha wakarudi kwenye ule wa kwanza, kigoda kikizidi kudidimia. Wachache walikisogeza kwanza hatua mbili. Kigoda kilikuwa kizima. Sakafu ndiyo iliyobonyea. Aliyekisogeza tulimwambia aje Jumatatu na randa yake. Mtihani ule haukutuangusha mara nyingi, ingawa mmoja aliyeufaulu vizuri kuliko wote aliondoka na msumeno wetu wa umeme wiki ya tatu.

Kilichonitesa ni kufundisha. Babu alikuwa mchoyo wa ufundi, au ndivyo nilivyomhukumu. Droo zake ziliingia bila sauti, na vipimo vyake aliviweka alama kwenye kijiti alichokifungia sandukuni. Akifika mahali pa kuchonga ulimi na tundu lake, vijana wote hutumwa chai. Nilimnung'unikia moyoni kama miaka miwili. Siku moja, nikiwa napiga hesabu za malipo, ndipo nilipoona. Babu analipwa kwa kitanda. Akimwelekeza kijana nusu siku, kitanda chake kinachelewa na Jumamosi yake inapungua. Kijana akishaiva, oda zinagawanywa, inapungua tena. Tulikuwa tunamlipa ili afiche, halafu tunamsema kwa kuficha.

Nikatangaza kwamba Jumatano mchana ni ya kufundisha, na Babu atalipwa kama aliyemaliza kitanda. Jumatano ya kwanza alikunywa chai yake kimya, akiutafuta mtego uko wapi. Ya pili alieleza namna ya kunoa msumeno kwa tupa, jambo ambalo kila mtu alilijua. Ya tatu alifungua sanduku, akatoa kijiti, akamshikisha yule kijana wa kufagia.

Habari ya dada fundi rangi siipendi kuisimulia. Mwaka 2009 alipata mimba. Hakuwa na mkataba. Kwangu wote walikuwa vibarua, hata waliokaa miaka. Alipojifungua nilimpelekea khanga na sabuni, nikaweka mtu mwingine kwenye nafasi yake, nikaona nimetimiza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwa inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini mimi nilikuja kuisoma baadaye, alipokwisha kwenda kwingine na wateja wa makabati wakamfuata. Mteja wetu wa siku nyingi aliniambia bila aibu kwamba kwetu hakuwa ananunua kabati, alikuwa ananunua ule mng'ao.

Nikaandika mikataba: siku 28 za likizo ya mwaka, mchango wa NSSF, na mengineyo. Baba mdogo alisema hayo ni mambo ya maofisini. Mafundi wenyewe walisita kuweka sahihi kwa ajili ya makato.

Kijana wa kufagia, kwa wakati huo, alikuwa amegeuka fundi wa droo. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti bila kuwaanzisha upya darasani, na chuo chao cha Chang'ombe hakiko mbali nasi. Nikamlipia. Siku aliyoleta cheti, baba mdogo alikisoma mbele na nyuma, akasema, "Umemkatia tiketi." Hakuondoka. Mwaka ulipita, ikapita miaka mingine mingi, wateja wakawa wanamuulizia yeye kabla ya kuniulizia mimi, na bado asubuhi nilimkuta mlangoni. Kila aliyeniuliza siri nilimjibu kwa kifua mbele: ninalipa yote Jumamosi, ninafundisha, ninasifu.

Daftari la Baba sikulitupa. Lilikuwa na kurasa nyingi tupu, karatasi nzuri, nikaendelea kulitumia. Januari ikifika, ada na sare za watoto zinagongana, fundi anakuja, "Mama, nisaidie." Ninamkopesha bila riba, ananirudishia kidogo kidogo kila Jumamosi. Wengine wamejenga kwa njia hiyo. Yule fundi wa droo aliezekea nyumba.

Juzi, baada ya kufunga, alikuja akakaa kwenye benchi la Babu, ambaye siku hizi anapumzika kwao.

"Mama, nimepata eneo Mbagala. Nataka nianze na vijana wawili."

Nikamwambia hongera, na nilimaanisha.

"Ila kwanza nimalize deni la mabati," akasema. "Siwezi kukuacha hivi hivi. Kama miezi sita."

Miezi sita. Moyo ulinitulia ghafla, nikaanza kuhesabu oda za kufunga mwaka. Alipotoka nikafungua daftari kutafuta ukurasa wake. Nilipitia kwanza kurasa za wenzake, na kila mmoja alikuwa na tarakimu. Yake ilikuwa ndefu kuliko zote, na chini yake mkono wangu ulikuwa umepiga mstari mara mbili.

Sijamjibu bado. Daftari nimelirudisha kwenye droo ya meza yangu, ile aliyoitengeneza Jumatano moja huku Babu amesimama nyuma yake. Inaingia bila sauti.