KUNA SAA YA KUNGOJA NA SAA YA KUITA MSAADA



Leo nazungumza nawe unayefuga mbwa wa kuzalisha na kuuza hapa Kakamega. Usishangae mchungaji kuongea habari za mbwa. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki hata kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Kama watoto wa mbwa wako ndio wanakulipia karo, basi usiku anapozaa wewe ndiwe mkunga wake.

Andika tarehe aliyopandishwa. Mimba yake ni takriban siku 63. Wiki moja kabla, mwandalie kona kavu yenye vitambaa safi. Usiku wa mvua hapa kwetu una baridi, na mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo hawezi kujipasha joto mwenyewe. Mpime joto asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka hadi karibu 37, mara nyingi atazaa ndani ya siku moja.

Uchungu ukianza, atahema, atatetemeka, atakwaruza chini na kukataa chakula. Hali hiyo inaweza kuchukua saa nyingi kabla hajaanza kusukuma. Ngoja. Usiite majirani waje kutazama. Mtoto akitoka, mama mwenyewe huchana ule mfuko na kumlamba. Asipofanya hivyo mara moja, uchane wewe, mpanguse pua na mdomo, umsugue kwa taulo kavu mpaka alie. Kisha mweke kwenye titi, kwa sababu maziwa ya kwanza ndiyo yanayompa kinga.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tunapopoteza mbwa.

Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, piga simu kwa daktari wa mifugo. Zikipita saa mbili tangu mtoto wa mwisho na unajua wengine wamebaki ndani, piga simu. Ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza kutoka, usingoje hata dakika: kondo limeanza kuachia. Akilegea asiweze kusimama, piga simu.

Nilikuwa kwa ndugu mmoja usiku, jike lake aina ya German Shepherd likisukuma bila matokeo. Jirani mwema akaja na sindano ya kuongeza uchungu, ile ya oksitosini. Yule ndugu akasema, "Pasta, tuombe kisha tudunge." Nikamwambia tuombe, na tukiwa tunaomba, mtu apige simu. Daktari alikuja kwa bodaboda, akavaa glavu, akapima. Mtoto alikuwa amelala kwa upande, njia imezibwa. Akatuambia sindano ile ingeusukuma mfuko wa uzazi dhidi ya mlango uliofungwa, na mfuko ungeweza kupasuka. Alipasuliwa usiku ule ule. Mtoto mmoja alikufa, watano wakaishi, na mama yao yuko hai.

Mpendwa, kumwita daktari si kukosa imani. Kungoja ni vizuri pale mwili unapofanya kazi yake. Mwili ukishindwa, kungoja huko kunakuwa kumwacha mnyama ateseke kwa sababu tunaogopa gharama. Na kama gharama ya daktari haimo kwenye hesabu yako, usimpandishe bado.

Hata baada ya kuzaa, mwangalie wiki za kwanza anaponyonyesha. Akianza kutetemeka, kukakamaa na kuhema ovyo, huenda kalsiamu imepungua mwilini. Hiyo pia ni ya daktari, mara moja bila kungoja.

Kwa hivyo leo, kabla hujalala, fanya jambo moja: tafuta namba ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, muulize kama anapokea simu usiku, uiandike ukutani pale mbwa atakapozalia.

Mtumie ujumbe huu mwenye mbwa anayekaribia kuzaa.