Deni la Mkate wa Goma



Bwana Perefe alituomba sisi kapita tuandike juu ya wanaochelewa asubuhi. Tutaandika juu yao namba ijayo, nao wanajijua. Leo tunaandika juu ya chakula, kwa sababu tangu wiki mbili kuna maneno mengi darasani kwetu. Wafinaliste wamechanga franka kwa ajili ya sikukuu yao baada ya mtihani wa Serikali, na wengi wanataka tumwite mpishi kutoka mjini atupikie biriyani, "chakula ya Bahindi, sawa bale bakubwa." Sisi tunaoshika sanduku la makuta tumekataa. Basi tumepewa majina. Kuna mmoja aliyeandika kwa chaki nyuma ya mlango: KAPITA = CHAPATI. Mwandiko tunaujua. Tumeuacha pale, maana mwenye chaki hakujua ameandika ukweli kiasi gani.

Tunaposema "sisi", tunataka kusema wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho. Tulikuwa wanne, lakini mmoja amehamia Butembo na wazazi wake.

Mwaka 2022, katikati ya mwezi wa tatu, kwaya yetu iliitwa kwenye semina Goma. Nauli ilitosha watu wanne na mwalimu mmoja tu. Wanakwaya 22 walibaki Buleusa. Munajua kwetu mtu akitoka mjini bila mkate ni kama hakufika mjini. Kila mmoja wa wale 22 alitupa franka 1,000 tumletee mkate wa bulanjeri. Halafu yule bibi mzee wa nyumba ya karibu na kisima, tunayemwita koko sisi wote, alifungua fundo la kitambaa chake akatoa franka 2,000. Alisema, "Mimi sina meno. Ile mukate ya Goma naichovya ndani ya chai, inashuka yenyewe." Jumla franka 24,000. Tulizifunga ndani ya soksi.

Tulienda kwa pikipiki mpaka Luofu, tukapita Kanyabayonga, tukashuka Rwindi ndani ya mbuga ya Virunga, halafu Rutshuru, halafu Goma. Siku mbili. Tulikuwa na miaka 14, na hatukuwa tumeona mji.

Huko Goma tulikula mkate kila asubuhi, na lazima tuueleze vizuri, maana watu wanaudharau bure. Bulanjeri inaanza kazi usiku. Kabla jua halijatoka, wamama wako tayari mlangoni na mabeseni, wanapanga mikate ya moto, wanaifunika na plastiki, wanaweka kichwani na kutawanyika ndani ya mji. Mkate mdogo ulikuwa franka 500. Ukiununua wakati huo ni laini kama pamba, unaupasua kwa mkono, unapaka avoka na chumvi kidogo, unakunywa chai. Mtu anaenda kazini ameshiba mpaka saa sita. Mwenye pikipiki anakula, mubeba-mizigo anakula, mwanafunzi anakula. Saa nne ule mkate unaanza kukauka, na kesho yake unaweza kumpiga nao mbwa. Lakini asubuhi, ndugu, asubuhi hauna mshindani.

Ama mshindani alikuwa ng'ambo ya barabara. Pale kwenye barabara kubwa ya katikati ya mji, mahali volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake mwaka 2002 na watu wakajenga tena juu ya mawe meusi, kulikuwa na nyumba ya chakula ya Wahindi. Kila siku tulipita mbele yake tukienda kwenye semina, na kila siku harufu ilitushika. Kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, na kitu kingine tusichokijua jina. Ndani tuliwaona wafanyabiashara, watu wa mashirika, na siku moja askari wa India wa Umoja wa Mataifa, ambao kwa miaka mingi walikuwa na kambi zao Kivu Kaskazini. Hakuna mtu wa avoka na chumvi aliyekuwa ndani.

Siku ya mwisho mwalimu alienda kumsalimia dada yake. Alimpa kila mmoja franka 5,000 za kula mchana na jioni. Akasema, "Na ile mikate ya watu musisahau." Tukajibu ndiyo. Tukaenda moja kwa moja kwa Wahindi.

Mpango wetu ulikuwa mwema. Tulikuwa na 20,000 zetu, sawa na dola 10 za wakati ule, na soksi haitaguswa. Tulikaa kwenye meza yenye kitambaa. Karatasi ya bei ilikuwa imeandikwa kwa dola, na majina ya chakula hatukuyaelewa hata moja. Biriyani ya nyama ilikuwa dola 12 kwa mtu mmoja. Tuliitazama kimya. Kijana aliyeleta maji alikuwa Mkongomani kama sisi. Alitutazama viatu, akainama, akauliza polepole: "Bana bangu, muko na makuta ngapi?" Tukamwambia kumi. Akasema, "Kamateni dengu moja na muchele moja, mutagawana." Dengu dola 6, wali dola 4. Hesabu imetimia. Tukaomba baraka, na tuliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Sahani ikaja. Tukatazama ndani. Mmoja wetu akasema kwa sauti, "Lakini hii njo maharagi!"

Ni kweli hazikuwa maharagi, zilikuwa dengu, mbegu ndogo za manjano zilizopikwa mpaka zikayeyuka. Lakini ni ndugu wa maharagi. Tumetoka Buleusa, mahali tunapokula maharagi Jumatatu mpaka Jumapili, tumepita nyati wa Rwindi, tumekuja kula maharagi juu ya kitambaa cheupe. Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Halafu kijana akaleta kikapu. Ndani kulikuwa na mikate bapa, ya moto, yenye madoa meusi ya moto na siagi juu. Naan. Hapa hatutadanganya ili kupendezesha wenye mkate wa franka 500: naan ile ilikuwa tamu kuliko kitu chochote tulichowahi kutia mdomoni. Unaikata, unachota dengu, unameza, mkono unarudi wenyewe. Kijana akauliza, "Niongeze?" Tukasema ongeza. Kwetu ukienda kula kwa mama wa soko, pilipili na chumvi ni bure, basi tulifikiri mkate wa kikapu ni hivyo hivyo. Tulikula sita, na chupa za maji za dola 2. Naan moja ilikuwa dola moja na nusu. Iliandikwa pale kwenye karatasi, kosa halikuwa la mtu mwingine. Jumla: dola 21.

Kijana alisimama akingoja. Tukafungua soksi.

Zilibaki franka 2,000. Tulivuka barabara bila kusema kitu, tukanunua mikate midogo minne, ya mchana, migumu. Usiku tulilala Kanyabayonga bila chakula, maana ya jioni tulikuwa tumeila mchana. Tukala miwili. Tuliingia Buleusa na mikate miwili kwa watu 22 na bibi mzee.

Sasa sikilizeni ninyi mliokuwa wanakwaya mwaka ule, ambao leo muko darasa la pili, la tatu na la nne. Tuliwaambia kwamba vita imeanza Ukraine na bei ya ngano imepanda, kwa hiyo mkate wa Goma umekuwa ghali. Habari ya vita tuliisikia kwenye redio ndani ya gari. Mkate haukuwa umepanda. Tulikula makuta yenu. Kila mkate tuliukata vipande 11, kila mmoja wenu akapata kipande kama kidole gumba, na mkatushukuru. Jambo la ajabu ni kwamba uongo ule ulituzidi mbio: mwezi ule ule bei ya ngano ilipanda sana duniani kote, na nchi yetu inanunua karibu ngano yake yote ng'ambo. Hivyo ninyi mkasema, "Kumbe bale batoto balisema kweli."

Kwa koko tulisema mkate uliisha bulanjeri. Alisema, "Sawa bajukulu bangu, mutaniletea mara ingine."

Mara ingine haikuja. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule M23 iliteka Rutshuru na Kiwanja. Mwezi wa sita 2024 ikaingia Kanyabayonga, na mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ikaingia Goma yenyewe. Njia tuliyopita na soksi yetu haikuwa tena njia ya watoto wa kwaya.

Tangu hapo tumesoma kidogo, na mwalimu wa historia ametusaidia. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa na Waingereza kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, maelfu walibaki, na wenye maduka wakawafuata. Chapati ni neno lao na chakula chao. Ilitembea pamoja na biashara, Kenya, Uganda, mpaka ikavuka mpaka na kufika kwetu. Yule mama wa soko letu anayesukuma unga kwa chupa na kukaanga chapati kwenye mafuta anapika chakula cha Wahindi kila siku ya soko, na hakuna anayemvalia tai. Tena naan inaokwa ndani ya jiko la udongo, unga unabandikwa ukutani mwa jiko. Wahindi wanaliita tandoor. Sisi tunasema tanuri. Ni neno moja: lilitoka kwa Waajemi na Waarabu, moja likaenda India, lingine likafika kwetu. Yule mzee wetu wa tanuri la matofali, anayeoka mikate midogo ya soko kwa kuni, tungeweza kumwomba tu abandike ukutani.

Hii ndiyo sababu hatuogopi kuitwa chapati. Na sababu ya kukataa biriyani si kwamba tunadharau chakula kile. Tunakijua, ndiyo maana. Tunajua namna mkono unavyorudi kwenye kikapu wakati makuta ni ya watu wengine. Mpishi wa mjini ameomba bei ambayo, tukienda kwa mzee wa tanuri, kila mwanafunzi wa shule hii angepata mkate na chai. Kura itapigwa Ijumaa, na wakishinda wa biriyani, tutalipa biriyani, na tutaila.

Lakini makuta ya kwaya ni jambo jingine, hayatoki kwenye sanduku. Sisi watatu tumeuza maharagi ya shamba letu. Jumamosi baada ya kazi ya mikono tutakaa chini ya ule mti wa avoka na orodha ya mwaka 2022, na kila mwenye jina atapokea franka 1,000 yake. Tumehesabu: kati ya 22, wako 13 hapa shuleni. Tisa wamehama na wazazi wao, na wengine hatujui walipo. Mwenye habari za mmoja wao atuambie. Mwenzetu wa Butembo ameahidi kutuma sehemu yake. Tunangoja.

Kwa koko tulienda Jumapili iliyopita. Tulimweleza yote, na franka 2,000 mkononi. Hakukumbuka makuta hata kidogo. Alikumbuka mkate. Alituuliza, "Sasa kule kwa Bahindi mulikula nini?" Tukasema, "Dengu, koko. Ni kama maharagi." Akatutazama mmoja mmoja. "Muliacha mukate yangu kwa ajili ya maharagi?" Akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita jirani aje asikie, akaanza upya.

Tukamwekea makuta kwenye mkeka. Akayasukuma kwa mguu.

"Mimi sikutuma makuta," akasema. "Nilituma mukate. Tena ya Goma."