Nyumba ya Askari Katika Vitongoji vya Australia

Askari aishiye kambini anajua kwamba nyumba aliyopewa si yake. Siku atakapovua sare kwa mara ya mwisho, ataikabidhi kwa mwenzake, na mama watoto atafunga mizigo. Je, waende wapi?

Swali hilo liliikabili Australia wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika. Mwaka 1918 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya nyumba za waliopigana vita. Nyumba hizo hazikutolewa bure. Serikali iliwakopesha askari, na wajane wa waliouawa, fedha za kujenga au kununua, nao wakazirudisha kidogo kidogo kwa miaka mingi. Sheria hiyo ingalipo, ingawa jina lake limebadilishwa.

Tutembee basi katika kitongoji cha zamani cha Melbourne. Nyumba ni za chini, kila moja katikati ya kiwanja chake. Kiwanja kilichotamaniwa na kila familia kilikuwa cha robo eka, yaani mita za mraba zipatazo elfu moja. Kuta ni za matofali au mbao. Paa ni la vigae au bati. Mbele pana kibaraza, maua na sanduku la barua. Mjenzi mwenye busara hukielekeza chumba cha kukaa kaskazini, kwani huko ndiko lilipo jua la mchana katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti.

Lakini maisha yenyewe yamo uani. Humo mna mlimau, mboga, na mlingoti wa chuma wa kuanikia nguo, wenye mikono minne izungukayo kwa upepo. Lance Hill wa Adelaide alianza kuitengeneza milingoti hiyo mwaka 1945, ikaenea nchi nzima. Mwaka 1952 Mervyn Victor Richardson wa Sydney akaunda mashine nyepesi ya kukatia majani, iitwayo Victa. Ngurumo zake zikawa sauti ya mwisho wa juma. Mkaratusi, tuupandao huku kwetu kwa kuni na nguzo, asili yake ni huko. Hata hivyo wengi huuogopa karibu na nyumba, kwa kuwa huangusha matawi ghafula, na mafuta ya majani yake huchochea moto.

Hata hivyo, viwanja hivyo vilikuwa na wenyewe. Mji wa Melbourne ulianzishwa mwaka 1835 katika nchi ya Wawurundjeri na jirani zao. Vijana wa wenyeji wa asili nao walikwenda vitani mwaka 1914 hadi 1918. Waliporudi, wengi wao walinyimwa mashamba waliyogawiwa askari weupe. Ilipofika mwaka 1992 tu ndipo Mahakama Kuu, katika kesi ya Eddie Mabo, ilipoikataa hoja kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe Waingereza walipofika.

Leo viwanja vingi vya robo eka vimekatwa vipande, na bei zake zimewashinda vijana wengi. Lakini mambo mawili yanatuhusu sisi wa kambini. Nyumba ya uzeeni huanza kuwekewa akiba askari angali kazini. Tena, ahadi iliyotolewa kwa askari haina budi kutimizwa kwa askari wote, kwani risasi haimchagui mtu kwa rangi wala kabila.